Rimu Ndogo, Mpira Bora

Golf GTI ya kizazi cha saba, iliyoingia sokoni mwaka 2013, ina injini ya lita 2 yenye turbo na nguvu za farasi zipatazo 220. Subaru Impreza WRX haiko mbali nayo. Magari haya mawili yana wapenzi wengi Nairobi, na Dar es Salaam hayakosekani, na wapenzi hao wanayajua kwa undani unaoshangaza: turbo ni ya aina gani, ekzosi imebadilishwa au la, kompyuta ya injini imechezewa kiasi gani. Ukiwauliza kuhusu tairi, wengi watakujibu kwa ukubwa wa rimu. Namba kumi na nane, basi. Jina la tairi mpaka mtu ainame achungulie, mwaka wa kutengenezwa hauulizwi, na mvua haitajwi kabisa. Nadhani mambo hapa yamewekwa kichwa chini miguu juu. Mwenye gari la mbio ambalo ndilo hilo hilo linalompeleka kazini kila asubuhi anapaswa kuifikiria kwanza lami iliyolowa, kisha mengine yafuate. Na fedha isipotosha kununua tairi la namna hiyo, apunguze ukubwa wa rimu kabla hajagusa ubora wa mpira.

Tuanze na mpira wenyewe. Nguvu za injini, za breki na za usukani hazina njia ya kufika barabarani ila kupitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Pale chini mpira hushika lami kwa namna mbili. Ya kwanza ni kunata, pale mpira unapogandamana na uso wa lami kwa ukaribu mkubwa. Ya pili ni kubonyea: kokoto ndogo za lami huuminya mpira, mpira hutaka kurudi katika umbo lake, na kwa kuwa hurudi kwa kuchelewa kidogo, kuchelewa huko ndiko kunakolizuia gari lisiteleze. Lami ikiwa kavu namna zote mbili hufanya kazi, na karibu kila tairi jipya hujimudu. Maji yakiingia katikati, kunata hupungua mno na gari hubaki likitegemea kubonyea. Kwa miongo mingi hapo ndipo watengenezaji walipobanwa, maana mpira unaochelewa kurudi hushika vizuri kwenye maji lakini hula mafuta, kwa kuwa nishati hupotea kila gurudumu linapozunguka. Mwaka 1992 Michelin walitoa tairi ambalo sehemu kubwa ya masizi ya kaboni, yale yanayolipa tairi weusi wake, yalibadilishwa kwa silika, madini ya jamii ya mchanga. Silika ikiunganishwa vyema na mpira, tairi halipotezi nishati nyingi katika mzunguko wa kawaida, ila linapokwaruzwa na kokoto kwa kasi wakati wa kufunga breki, hapo hupoteza nyingi, yaani hushika. Kuipata silika si kazi. Kuifanya ikubaliane na mpira ndiyo kazi, na sehemu ya bei ya tairi ghali hulipia ujuzi huo, ambao kwa macho hauonekani. Matairi mawili yanaweza kufanana kwa mifereji, upana na weusi, na bado yakaachana mbali siku ya mvua.

Yanaachana kiasi gani? Hesabu ya shule ya sekondari inatosha kutupa picha. Chukua gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami iliyolowa, lenye matairi yanayoshika kwa kiwango cha msuguano cha 0.8. Likifunga breki kwa nguvu zote litasimama baada ya mita 31 hivi, ukiacha muda wa dereva kushtuka. Gari jingine la aina hiyo hiyo, lenye matairi yanayoshika kwa kiwango cha 0.6, litahitaji mita 42. Mita 11 mtu anaweza kuziona ndogo. Lakini angalia hali ilivyo pale ambapo gari la kwanza limeshasimama: la pili linapita mahali hapo likiwa bado na kasi ya kilomita 40 kwa saa, nusu kamili ya kasi liliyoanza nayo. Ndivyo ilivyo, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, na robo ya nishati iliyobaki ni sawa na nusu ya kasi. Kilomita 40 kwa saa zinatosha kumuua mtu anayevuka barabara. Kwenye lami kavu, tofauti kati ya tairi linaloshika kwa 1.0 na lile la 0.95 ni mita moja na kitu. Majaribio ya vyama vya magari vya Ulaya, kama ADAC ya Ujerumani, huonyesha mwelekeo huo: kwenye ukavu matairi hukaribiana, kwenye maji hutawanyika.

Kwa bahati nzuri, jambo hili linaweza kuangaliwa kabla ya kununua. Tangu Novemba 2012 kila tairi jipya la gari dogo linalouzwa katika Umoja wa Ulaya limekuwa na lebo inayotaja mambo matatu: ulaji wa mafuta, uwezo wa kufunga breki kwenye maji, na kelele. Lebo hiyo ilifanyiwa marekebisho Mei 2021, na sasa herufi zake ni kutoka A hadi E. Matairi mengi yanayouzwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni ya majina yale yale, na herufi zake zinapatikana bure katika orodha ya wazi ya Umoja wa Ulaya iitwayo EPREL. Ni lazima utafute kipimo chako hasa, kwa sababu tairi la jina moja linaweza kuwa A katika kipimo kimoja na B katika kingine. Tena lebo haisemi kila kitu. Inapima tairi likiwa jipya, na haina habari za jinsi gari linavyotii usukani kwenye kona, jambo ambalo mwenye GTI analijali, na ana haki ya kulijali. Kwa hiyo herufi ni ya kuchujia tu. Yaliyopita mchujo ndiyo yapambanishwe kwa usukani, kelele na umri wa kudumu.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe: mvua kwetu ni ya msimu, na siku kavu ni nyingi kuliko za maji, kwa nini tuchague tairi kwa ajili ya siku chache? Kwa anayeishi Dodoma, ambako miezi ya kiangazi ni mirefu na mikavu kwelikweli, pingamizi hili lina uzito kidogo. Kwa anayepanda Limuru kila jioni, au anayekaa kando ya bahari ambako masika ikiisha vuli inabisha hodi, halina uzito mkubwa. Hatari haigawanywi sawasawa kwa siku. Mvua ya kwanza baada ya miezi ya vumbi hukuta lami imepakwa oili, mpira uliosagika na udongo laini, na kwa muda barabara huwa telezi kuliko itakavyokuwa baadaye mvua ikishaiosha. Isitoshe, tairi zuri la mvua la kundi la spoti halikunyimi kitu kikubwa siku ya jua. Michelin Pilot Sport, Continental SportContact, Bridgestone Potenza Sport na Goodyear Eagle F1 yametengenezwa yashike pande zote mbili, kwa hiyo anayechagua kwa kuitazama mvua hatozwi faini wakati wa kiangazi. Ni yule anayechagua kwa kuutazama ukavu peke yake ndiye anayecheza kamari.

Afrika Mashariki ina nafuu moja ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Matairi haya ya spoti Ulaya huitwa ya kiangazi kwa sababu mpira wake huanza kukakamaa joto likishuka karibu nyuzi 7 za Selsiasi. Mjerumani mwenye matairi hayo analazimika kuwa na seti mbili, ya kiangazi na ya baridi, na desturi ya kwao ni kufunga ya baridi kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Nairobi usiku wa Julai ni nadra kushuka chini ya nyuzi 10, na Dar es Salaam hata hatuhitaji kuizungumzia. Mwaka wetu mzima umo ndani ya mipaka ambayo mpira huo ulitengenezewa. Fedha ambayo mwenzetu anaigawa mara mbili, sisi tunaweza kuiweka yote kwenye seti moja iliyo bora. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaichukua nafuu hiyo na kuipeleka kwenye rimu.

Kuna pia matairi yanayotufikia bila kuchaguliwa. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na Japani ya kaskazini, Hokkaido na majirani zake, ni nchi ya theluji. Gari lililotoka huko linaweza kuteremshwa Mombasa au Dar es Salaam likiwa limevaa matairi ya barafu, yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni, yenye mifereji minene iliyojaa mikato myembamba kama nywele. Kwa macho yanavutia: yana meno mengi, hayana upara, na muuzaji atasema gari limekuja na tairi mpya. Mpira wake ni laini kupita kiasi kwa makusudi, ili usikakamae kwenye barafu. Ukiuweka juu ya lami ya Kibaha saa nane mchana, meno yake huyumbayumba, usukani huchelewa kuitika, breki hurefuka na tairi huisha haraka. Kwa gari la farasi 220 ni balaa la kimyakimya, kwa sababu hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi kumwambia dereva kwamba amevaa viatu vya theluji. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka minane, lakini miaka saba inatosha kabisa kuufanya mpira uzeeke. Tarehe imeandikwa ubavuni, mwishoni mwa namba za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kulikagua tairi kila mwaka likishatimiza miaka mitano, na kulitoa likifika kumi hata kama linaonekana zima. Kwa gari la mbio mimi ningelitoa mapema zaidi.

Upande wa pili wapo wanaosema gari la mbio livishwe tairi la mbio, na wanamaanisha yale yanayokaribia ya uwanjani, yenye mifereji michache na mpira unaonata kama gundi. Kipimo cha Marekani cha uchakavu huyaandika 200 au chini ya hapo, ilhali tairi la kawaida la familia hupita 400. (Kipimo chenyewe kisiaminiwe sana, kwa kuwa kila kampuni huyapa alama matairi yake yenyewe; kinafaa kulinganisha ndugu kwa ndugu.) Kwenye uwanja wa mashindano matairi hayo ni hodari. Barabarani yana matatizo mawili. Yanahitaji kupata joto ndipo yashike ipasavyo, na safari ya kwenda ofisini katika foleni haiyapi joto hilo. La pili ni maji. Watafiti wa NASA katika miaka ya 1960, wakichunguza magurudumu ya ndege, waligundua kwamba kasi ambayo tairi lisilo na mifereji huanza kuelea juu ya maji mengi hufuata kipeuo cha pili cha presha ya upepo wake. Kwa presha ya psi 32 kanuni hiyo inatoa kilomita 94 hivi kwa saa. Ikishuka hadi psi 24, inatoa kilomita 82. Tairi la gari si la ndege, na mifereji mizuri huisogeza mbele kasi hiyo, lakini ndiyo maana mifereji ikawepo: kuyapa maji pa kukimbilia. Tairi lenye mifereji michache, au lililokuwa nayo ikaisha, linairudia hesabu ya NASA polepole. Sheria ya Ulaya inaruhusu hadi milimita 1.6 za kina. Tairi jipya huanza na milimita 8 hivi, na likipita 3 kwenda chini uwezo wake wa kutoa maji umeshaporomoka. Kanuni hiyo inafundisha pia jambo la bure kabisa, kwamba presha ipimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari.

Sasa rimu, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Huko Ulaya GTI hiyo ilivaa 225/45R17 kama kawaida, na 225/40R18 kwa aliyeongeza fedha. Upana ni ule ule, milimita 225. Kinachobadilika ni ubavu. Ubavu wa kwanza ni asilimia 45 ya upana, yaani milimita 101. Wa pili ni asilimia 40, milimita 90. Kipenyo cha gurudumu zima kinatofautiana kwa milimita 3 tu, kwa hiyo spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kujali. Mwenye 18 amelipia milimita 11 za mpira zilizogeuzwa kuwa chuma. Amepata usukani mkali kidogo zaidi na sura nzuri, na sura nzuri si dhambi. Gari kama hili hununuliwa kwa moyo kabla ya kichwa, na anayekana hilo hajawahi kulitamani. Gharama ni kwamba zile milimita 11 ndizo zilizokuwa zinakaa kati ya rimu na shimo. Kwenye lami ya Ujerumani hazina kazi kubwa. Kwenye barabara yenye mashimo, na matuta yasiyopakwa rangi, ndizo zinazoamua kama utafika au utasimama kando ya barabara ukiwa na tairi lililotoa nundu ubavuni na rimu iliyopinda. Wanaokwenda hadi namba 19 wanajua, ingawa hawapendi kulizungumza mbele ya watu. Tena tairi la 17 kwa kawaida lina bei ndogo kuliko la 18 la jina hilo hilo, na linapatikana kwa urahisi zaidi. Fedha iliyookolewa ndiyo inayomtoa mtu kwenye tairi la herufi C na kumfikisha kwenye A.

Hili linalijibu pia pingamizi lenye nguvu kuliko yote, lile la bei. Watu husema, na wanasema kweli, kwamba tairi ghali likipasuliwa na shimo wiki ya pili ni msiba, heri la bei nafuu utakalolitupa bila majonzi. Matairi yetu karibu yote yanatoka nje: kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliacha kuzalisha miaka ya 2000, na cha Sameer Nairobi, kilichotengeneza matairi ya Yana, kilifungwa mwaka 2016. Kwa hiyo kila tairi zuri limeshabeba nauli ya meli na ushuru kabla hujaliona, na mshahara wa wengi haukupangwa kwa hesabu hiyo. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba ubavu mwembamba hauepukiki. Ukirudi kwenye ubavu mrefu, hofu ya shimo inapungua, na pamoja nayo sababu ya kununua mpira dhaifu. Kuhusu mtumba ninasita zaidi. Tairi lililotumika Japani miaka minne na kubakiza milimita 5 linaweza kuwa jema kuliko jipya lisilo na jina, iwapo tarehe inasomeka, ubavu hauna kiraka na mpira haujakauka. Shida ni kwamba anayelinunua mara nyingi hana namna ya kujua lilipitia nini na liligonga nini, na gari lenye kasi kama hili halifai kubahatishiwa.

Wapo wanaotegemea mitambo, ABS na ule mfumo unaozuia gari lisizunguke. Mitambo hiyo ni mizuri na imeokoa watu wengi. Kazi yake ni kugawa vizuri mshiko uliopo. Ule ambao tairi halina, kompyuta haina pa kuutoa.

Kwa Golf hiyo ya 2013, basi, ningeweka 225/45R17, baada ya kuhakikisha kwamba rimu ya 17 inapita juu ya breki zake na kwamba kipimo hicho kimo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango au kifuniko cha mafuta. Alama ya uzito iwe 91 au zaidi na ya kasi W au Y, kwa kuwa gari hili linaweza kupita kilomita 240 kwa saa ambazo alama ya V inaruhusu, hata kama mwenyewe hatathubutu. Herufi A kwenye maji, mwaka wa kutengenezwa usiozidi miwili nyuma, na yote manne ya jina moja. Mwenye Subaru hana hiari katika hilo la mwisho: magurudumu yake manne huvuta kwa pamoja, na matairi yakitofautiana uchakavu difrensho ya kati hugombana nayo mpaka iharibike. Mwenye Golf ambaye mfuko wake unaruhusu mawili tu kwa sasa anunue mawili mazuri na ayafunge nyuma, ijapokuwa gari linavutwa na magurudumu ya mbele na fundi atamshauri vingine. Mbele likiteleza, dereva huachia mafuta na gari hurudi kwenye mstari. Nyuma likiteleza kwenye kona yenye maji, linazunguka, na ni madereva wachache sana wanaoweza kulirudisha.